Ocokoru na Pijo Iliyochemka

Watu waliosafiri kati ya Arua na Koboko katika ile miaka ya mwisho ya utawala wa wanajeshi walimjua Ocokoru kwa mambo mawili. Alikuwa mwanamke anayeendesha gari, na hakukuwa na mwingine kama yeye katika barabara ile. Na gari lake lilikunywa maji kuliko ng'ombe. Ukipanda kwake ulijua kwamba mtasimama kwenye kila kijito, naye atashuka na debe lake, achote, arudi, aweke kitambaa kinene juu ya kifuniko cha rejeta, ageuze uso pembeni na kukilegeza polepole huku mvuke ukipiga mluzi. Wengine walikasirika. Wengi walinyamaza, kwa sababu walijua habari zake.

Alizaliwa Dadamu, katika nyumba ya wakulima wa muhogo na simsim, na magari aliyaona kwa mbali tu hadi alipoolewa na Angelo Yugu. Yugu alikuwa dereva, kijana mpole, mwenye alama ya moto kwenye mkono wa kulia, kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Mwaka 1971 alinunua Pijo ya kijivu kutoka kwa mnunuzi wa tumbaku aliyekuwa anahama, akaanza kubeba abiria kwenda Koboko na kurudi. Waliishi Mvara pamoja na mama yake Yugu, bibi mmoja mrefu aliyeitwa Driwaru, na binti yao Pasca, ambaye mwaka ule alikuwa na miaka kumi na miwili.

Jumapili jioni Yugu alimpeleka mkewe kwenye uwanja wa mpira kumfundisha kuendesha. Majirani waliona ni mchezo. Driwaru alisimama mlangoni na kucheka hadi akajifuta macho.

"Mwanamke ataendesha gari kwenda wapi?" aliuliza.

"Siku nikiugua, nani atanifikisha Kuluva hospitali?" Yugu alijibu. "Wewe, mama?"

Somo lake la kwanza halikuwa gia wala breki. Alifungua boneti akamwonyesha Ocokoru maji yanavyotoka kwenye injini yakiwa moto, yanavyoingia tangi la juu la rejeta, yanavyoshuka kwenye mirija myembamba huku feni ikivuta upepo katikati yake, na yanavyorudi chini yakiwa yamepoa. "Usiliwashe hata siku moja kabla hujaangalia maji," alimwambia. "Na likiwa moto, usifungue hiki kifuniko kwa haraka." Akamwonyesha ule mkono wenye alama. Ocokoru alikuwa ameuona mkono ule tangu siku ya posa na hakuwahi kuuliza.

Mwaka 1974 kulitokea fujo kambini huko Kampala, wakashukiwa watu wa kwetu waliokuwa jeshini, na baadaye wakaanza kupotea mmoja mmoja. Yugu alikuwa na kaka askari. Kaka huyo alipotea kwanza. Wiki chache baadaye, siku ya soko, Yugu aliondoka Arua na abiria kama kawaida. Alipopita Maracha, gari lisilo na namba lilimkatia njia. Waliotoka ndani waliwaambia abiria waende zao kwa miguu. Wakamwambia Yugu aache gari kama lilivyo, wakaondoka naye.

Abiria walikimbilia kwenye mashamba ya mtama. Hakuna aliyethubutu kurudi barabarani kugusa kitu cha mtu aliyechukuliwa vile. Kwa hiyo Pijo ilibaki kando ya njia, milango wazi, injini inaunguruma, katika jua la adhuhuri. Haikuwa na mwendo wa kuleta upepo. Maji yalichemka, yakamwagika, yakaisha, na injini ikaendelea mpaka ikanyamaza yenyewe.

Ocokoru alizungukia madereva wote wa Arua aliowajua, akiomba mtu wa kwenda naye kulichukua. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kukataa. Aliyekubali hakuwa dereva. Alikuwa Anicet, fundi wa rejeta, Mkongo wa upande wa Butembo aliyekimbilia Uganda wakati wa vita vya 1964 na kujenga kibanda cha mabati karibu na soko. Alilehemu rejeta tu, hakugusa kitu kingine. Yugu alikuwa mteja wake.

Walipata lifti ya lori la tumbaku. Pijo waliikuta pale pale, ufunguo ukiwa mahali pake, na kwenye kiti cha dereva muhogo wa kuchemsha aliofungiwa Yugu asubuhi ile na mkewe, bado umo ndani ya jani la mgomba. Anicet alifungua boneti, akagusa hapa na pale, akanusa.

"Waliiacha inawaka mpaka maji yote imeisha," alisema. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Pole, Mama Pasca."

Dereva wa lori alikubali kuivuta, lakini alitaka mtu wa kushika usukani. Anicet hakujua kuendesha. Ocokoru akaingia, akausogeza muhogo pembeni, akakaa. Ndivyo alivyoendesha barabarani kwa mara ya kwanza, gari likiwa limekufa, likivutwa kwa kamba.

Alimtafuta mumewe karibu mwaka mzima. Alikwenda ofisi hii akaambiwa aende ile, akasimama kwenye malango ya kambi, akauliza, akajibiwa kwamba mtu huyo hawamjui. Mahali pamoja askari kijana alimsogelea akamnong'oneza, "Mama, usirudi hapa tena," na kwa namna alivyosema ilikuwa kama huruma. Hakurudi.

Ndugu walimshauri auze gari, hata vipuri tu, alishe watoto wa ukoo. Driwaru alikataa.

"Gari hili haliuzwi," alisema. "Mwanangu akirudi atauliza gari lake. Nitamwambia nini? Kwamba tulimla akiwa hai?"

Ocokoru mwenyewe alikuwa ameacha kuamini, lakini hakuwa na moyo wa kusema.

Basi Anicet akalifanyia kazi, ingawa kichwa cha injini hakikuwa kazi yake. Kilikuwa kimepinda kwa joto. Alikisugua juu ya kipande cha kioo kwa msasa, akipima kwa ukingo wa rula, siku nyingi. Gasketi mpya, lile bamba jembamba linaloziba kati ya kichwa na injini, haikupatikana. Duka la vipuri lililokuwa barabara kuu lilifungwa Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972. Mtu aliyepewa duka hilo aliuza vilivyokuwa kwenye rafu, halafu akauza rafu. Anicet aliisafisha gasketi ya zamani, akaipaka rangi ya fedha pande zote mbili, akairudisha. Rejeta aliilehemu mshono wa juu uliokuwa umefunguka.

"Itatembea," alimwambia Ocokoru. "Lakini haitakuwa ile gari ya zamani. Joto iliingia ndani sana."

Mwanzoni abiria hawakutaka kupanda. Wanaume waliangalia ndani, wakamwona mwanamke kwenye usukani, wakaondoka. Kisha magari yakazidi kuwa machache, kwa kuwa tairi hazikupatikana, wala betri, wala mikanda, na waliokuwa wakicheka wakaanza kumsubiri kando ya njia. Ocokoru alijifunza kuishi na homa ya gari lake. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, alifungua kifuniko na kutia kidole ndani kuona maji yamefika wapi na yana rangi gani. Alikinga maji ya mvua kwenye pipa, kwa sababu Anicet alimwambia maji ya kisima yanaacha chokaa kwenye mirija. Mkanda wa feni ulipokatika alishona mwingine wa ngozi ya ng'ombe. Mipira ya rejeta ya kupitishia maji ilipochanika aliifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akakaza mpaka vidole vikauma. Alijifunza kuendesha huku jicho moja liko kwenye mshale wa joto, na sikio linasikiliza kama maji yameanza kugonga.

Kiangazi kimoja, rejeta ilitoboka akiwa mbali na Arua. Mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa miongoni mwa abiria alimwambia atie unga wa muhogo, kwamba unaziba. Ocokoru akatia. Kweli, tone likakoma. Alimshukuru Mungu wiki nzima. Halafu mshale ukaanza kupanda hadi kwenye nyekundu hata mahali palipo tambarare, asubuhi ya baridi.

Anicet aliwasha jiko la makaa, akapasha moto chuma cha kulehemu, akalitenganisha tangi la juu. Akachungulia. Akamwita Ocokoru aje aone.

"Mama Pasca," alisema, "umepika ugali humu."

Hakucheka. Alichukua waya mwembamba aliougonga ukawa bapa, akaanza kuupitisha kwenye mrija mmoja baada ya mwingine. Baadhi ilifunguka. Mingine ilikuwa imeoza kwa kutu, na waya ulipopita ikapasuka. Hiyo hakuwa na la kufanya ila kuibana na kuiziba kwa risasi iliyoyeyushwa.

"Kila mrija naziba, joto inakosa njia," alisema bila kuinua kichwa. "Leo naziba hii. Mwezi ujao ingine. Mwisho itakuwa sanduku ya chuma tu."

"Unataka nifanye nini, fundi?"

"Tafuta ingine nzima."

"Wapi?"

Anicet akaendelea na waya wake. Wote wawili walijua kwamba katika Arua rejeta nzima haikuwepo, na kwamba Kampala vitu vya namna ile vilikuwa vya wakubwa.

Rejeta nzima ilipatikana mwaka 1977, ng'ambo ya mpaka, katika mji wa Aru, Kongo iliyoitwa Zaire wakati ule. Anicet alikuwa na ndugu wa upande wa mama huko, Camille, ambaye Pijo yake ilibingirika mlimani. Paa lilibonyea, ubavu ukaisha, lakini pua haikuguswa. Camille hakutaka fedha ya Uganda, ambayo wakati ule haikuwa na maana kwa mtu wa Zaire. Mkewe alitaka cherehani.

Ocokoru alikuwa nayo. Yugu alimletea mwaka aliozaliwa Pasca, na tangu Yugu apotee, siku ambazo gari lilikuwa limelala kwa Anicet, ni cherehani iliyowalisha. Alishonea sare za watoto wa shule na magauni ya akina mama wa Mvara. Alikaa mbele yake jioni nzima bila kushona. Hatimaye akamwuliza Driwaru.

"Ni yako," Driwaru alisema. "Lakini kama ndiyo itakayoliweka gari hai mpaka arudi, wape."

Walikwenda Aru kwa njia za porini, cherehani ikiwa kwenye baiskeli ya Anicet, wakarudi na rejeta imeviringishwa blanketi. Kuifunga ilichukua siku moja, maana Anicet hakutaka haraka. Kwanza alifungua bomba la chini la injini akamwaga maji ndani mpaka yale mekundu yakaisha na kutoka meupe. Akaweka mipira ya Camille, ambayo bado ilikuwa laini. Akajaza maji, akawasha bila kifuniko, akasubiri mapovu yatoke yaishe, akaongeza, akafunga. Alipita nyuma na mbele ya gari akisikiliza. Kisha akanawa mikono.

"Enda nayo," alisema.

Siku iliyofuata Ocokoru alikwenda Koboko na mshale haukuvuka katikati. Alipokipita kijito cha kwanza bila kusimama, mzee mmoja nyuma akamkumbusha kwamba amesahau maji. Akapita cha pili. Abiria mmoja akaanza kuimba wimbo wa kanisani na wengine wakamfuata. Walipofika na watu wakashuka, Ocokoru alibaki ndani akiwa ameshika usukani, akalia. Palikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye angetaka kusikia, kwa kirefu, kuhusu mshale ule.

Ulikuwa mwaka mzuri, ukilinganisha na mingine. Pasca aliolewa na Enoch, mwalimu kijana, wakahamia Koboko alikopangiwa kazi, na Ocokoru aliweza kumwona binti yake kila safari. Alianza hata kuongea juu ya kupata cherehani nyingine.

Mwishoni mwa 1978 vita na Tanzania vilianza kule kusini, na ingawa vilikuwa mbali, barabara zilijaa vizuizi. Siku moja, karibu kuingia Koboko, alisimamishwa. Kando ya kizuizi palikuwa na Pijo nyeupe, boneti wazi, maji yametapakaa chini yake. Askari mmoja alilizunguka gari la Ocokoru, akainama kutazama mbele.

"Mama, fungua boneti."

"Kuna nini, afande?"

"Gari ya mkubwa iko na shida. Feni imekula rejeta. Yako iko nzuri. Tunachukua."

"Na mimi nitarudi namna gani?"

Askari akafikiri, kana kwamba swali lilikuwa la haki. "Utachukua ile yetu," alisema.

Mtu wao wa ufundi hakuwa na haja ya kulegeza vibano. Alikata mipira kwa kisu. Maji ya mvua aliyoyakinga Ocokoru yalimwagika kwenye vumbi, na vumbi likayanywa.

"Nimeipata kwa cherehani yangu," Ocokoru alisema. "Afande, nilitoa cherehani."

"Mama, usiseme sana. Watu wanasema sana, halafu wanapotea."

Ocokoru alikaa juu ya jiwe mpaka walipomaliza. Wakati wanaondoka, yule askari alikuja akaiweka ile rejeta mbovu miguuni pake kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Enoch aliwatafuta vijana wakalisukuma gari hadi kwenye uwanja wa shule, kisha akapata lori la kumrudisha mama mkwe Arua na ile rejeta. Anicet aliigeuzageuza mikononi. Mabapa ya feni yalikuwa yameingia katikati na kukata mirija kama mtu anayefyeka majani. Rejeta ya kwanza, ile ya Yugu, alikuwa amekwisha kuiyeyusha kuziba za watu wengine. Alifanya alichoweza. Alikata bati la mkebe wa maziwa, akalilehemu, akaziba zaidi ya nusu ya mirija. Alikwenda Koboko mwenyewe, pamoja na Ocokoru, kuifunga ili gari lirudi Arua.

"Asubuhi mapema tu," alimwambia. "Jua ikipanda, usiende. Na mlima, hapana."

Katika miezi ya mwanzo ya 1979 Anicet alianza kufunga vyombo vyake. Alikuja Mvara kuaga.

"Mimi nilikimbia vita moja tayari," alisema. "Mutu akishakimbia mara moja, anasikia mapema. Kuja na sisi, Mama Pasca. Lete mama mkwe wako. Aru iko karibu."

Ocokoru alimgeukia Driwaru, aliyekuwa akichambua kunde.

"Mwanangu hajui kwamba tuna watu Kongo," Driwaru alisema. "Akirudi akute nyumba tupu?"

"Mama, miaka yote hii..." Ocokoru alianza. Hakuwahi kumpandishia sauti kabla ya siku ile.

"Malizia."

Kunde zikaendelea kuanguka kwenye ungo. Anicet akatazama chini.

"Nakwenda kuchota maji," Ocokoru akasema, akachukua debe, akatoka.

Mwezi wa tano askari waliokuwa wakirudi nyuma walianza kupita Arua wakielekea kaskazini, wengine wakiwa na magodoro na redio juu ya magari. Maduka yalivunjwa. Ikasemekana Watanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, wanakuja kutoka upande wa Pakwach, na kwamba watalipiza kisasi kwa kila mtu wa West Nile, mkoa wetu walikotoka askari wengi wa utawala ule, awe askari au mkulima. Kama ni kweli au si kweli, hakuna aliyetaka kungoja aone. Mvara ilihama kwenda Zaire kwa miguu. Ocokoru angeweza kuwa ng'ambo kabla ya jua kuzama.

Lakini Pasca alikuwa Koboko, mja mzito wa mimba yake ya kwanza, na miezi ilikuwa imetimia.

"Ninakwenda kumchukua Pasca," alimwambia Driwaru. "Sitakuacha hapa peke yako, kwa hiyo usinibishie."

"Unapita barabara ile ya Maracha?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Driwaru akainuka, akatafuta kitambaa chake cha kichwa. "Kama ni barabara hiyo, nitakuja," alisema.

Ocokoru aliweka jerikeni zote za maji nyuma, akamkalisha bibi katikati ya jerikeni hizo, wakaondoka. Barabara ilikuwa watu tu: akina mama na vitanda kichwani, mbuzi, baiskeli, wagonjwa wamebebwa. Haikuwezekana kwenda kwa kasi ya kuleta upepo, na mshale ulipanda kabla hawajafika mbali. Alisimama, akatia maji, akaendelea. Alisimama tena. Mwanamume mmoja alimwomba maji ya mtoto aliyekuwa mabegani mwake. Ocokoru aliiangalia jerikeni, akamwangalia mtoto, akampa. Wengine wakaona, wakaja. Aliwapa mpaka jerikeni mbili zikaisha, halafu akafunga mlango na kuondoka, na mkono wa mtu ukagonga dirisha kwa muda, kisha ukaacha.

Karibu na Maracha askari wenye bunduki walimsimamisha walichukue gari. Mvuke ulikuwa ukitoka pande zote za boneti. Mmoja aliinua boneti, akaona bati la maziwa na viraka, akatukana, akaishusha kwa kishindo.

"Peleka takataka yako," alisema.

Driwaru hakujali askari. Alikuwa amebandika uso kwenye kioo, akitazama kila mahali kando ya njia. "Ni hapa?" aliuliza. Baadaye kidogo, "Ni hapa?"

"Mbele kidogo, mama," Ocokoru alisema. Na walipopita mahali penyewe hakumwambia, kwa sababu asingeweza kusimama.

Kwenye kilima cha mwisho kabla ya Koboko maji yalianza kugonga ndani ya injini kama mawe. Alijua anachofanya. Angezima, angengoja lipoe, na kungekuwa na gari kesho. Lakini nyuma milio ya mizinga ilikuwa inasikika, na Pasca alikuwa ng'ambo ya kilima. Akakanyaga. Moshi mweupe ukajaa barabara nyuma yake. Walifika juu, wakaanza kushuka, na hapo injini ikakaza, ikatetemeka, ikanyamaza. Gari lilijiendea lenyewe mpaka pembeni ya njia. Alipochomoa kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa nyeupe kama maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Gasketi ilikuwa imekwisha.

Alimwachia Driwaru maji ya kunywa akakimbia hadi kwa Pasca. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na kitanda bila godoro, na vitabu vya Enoch sakafuni. Jirani, mwanamke aliyekuwa akifunga mbuzi kamba, ndiye pekee aliyebaki.

"Waliondoka asubuhi," alisema. "Mumewe alimweka kwenye baiskeli."

"Njia gani? Sudan au Kongo?"

"Watu walikuwa wengi, mama. Wengine huku, wengine huku. Sikuangalia."

Alimrudia Driwaru. Miguu ya bibi ilikuwa imevimba kwa kukaa, na kutembea hakuweza. Ocokoru alijaribu kumbeba mgongoni, akaenda hatua chache, wakaanguka pamoja. Alijaribu tena.

"Nirudishe ndani ya gari," Driwaru alisema. "Wewe nenda umtafute mtoto."

"Siwezi kukuacha."

"Unaweza. Hutaki tu."

Hakwenda. Walikaa ndani ya Pijo huku watu wakipita, kisha watu wakapungua, kisha barabara ikawa tupu. Driwaru alishikwa na homa na kifua kikambana. Ocokoru alimlowesha midomo kwa maji yaliyobaki kwenye jerikeni, yale aliyokuwa ameyakinga kwa ajili ya rejeta. Asubuhi ya pili bibi alimwita kwa jina la Yugu, akamlaumu kwa kuchelewa, na baada ya muda mfupi akakata roho kwenye kiti cha nyuma. Wanaume wawili waliotoka vichakani, wasiomjua, waliazima jembe mahali wakamsaidia kuchimba. Mmoja alikuwa Mwislamu na mwingine Mkristo, na kila mmoja aliomba kwa namna yake, kwa haraka. Kisha wakavuka wote watatu kwenda Zaire.

Aru ilikuwa imejaa watu waliolala chini ya turubai na nyasi. Ocokoru alimkuta Anicet kwenye kibanda kipya, akilehemu. Anicet alimpa chakula, akamwonyesha mahali pa kulala pamoja na binti zake. Siku kadhaa zilipita kabla hajauliza.

"Ilikufia wapi?"

"Karibu na Koboko. Nilipanda kilima."

"Gasketi?"

"Ndiyo."

Anicet akatikisa kichwa, na hawakuliongelea tena.

Alianza kumsaidia kazi, kusafisha rejeta kwa brashi ya waya na kuzishikilia zikilehemiwa. Magari ya wakimbizi yalikuwa mengi na yote yalikuwa yamechemka. Ocokoru alimwuliza kila dereva aliyetoka upande wa Sudan habari za Pasca, mke wa mwalimu Enoch, aliyepanda baiskeli akiwa mja mzito. Wengi walisema hapana. Mmoja, karibu na mwisho wa mwaka, alisema amemwona Pasca huko Yei, Sudan, ana mtoto mchanga, anachota maji kisimani. Ocokoru alijifunga kitambaa akaondoka siku hiyo hiyo, kwa miguu na kwa malori, akauliza mpaka akaonyeshwa kibanda. Pasca alikuwepo kweli, na mtoto mchanga mgongoni, lakini alikuwa Pasca mwingine, msichana wa mji wa Moyo. Msichana huyo alimwona mama mgeni amesimama mlangoni, akamkaribisha, akampa mtoto ampakate. Ocokoru alimpakata mpaka akalala.

Aliporudi Aru, Anicet alikuwa amepiga magoti mbele ya rejeta ya lori, makaa yanawaka. Alimtazama usoni.

"Siye," Ocokoru alisema.

Anicet alisogeza jiko kidogo ili kumpa nafasi. Ocokoru akakaa, akachukua brashi ya waya, wakafanya kazi mpaka mwenye lori alipokuja.